Kadibodi Chini ya Injini: Ufundi wa Gari kwa Vitu vya Nyumbani

Orodha za mbinu za kutengeneza gari kwa vitu vya nyumbani zimezagaa kila mahali, na nyingi zinarudia yale yale: yai ndani ya rejeta, soksi ndefu za kike mahali pa mkanda wa feni, dawa ya meno juu ya taa. Nimeendesha magari makuukuu kwa muda mrefu, yale ambayo hufika mikononi mwa mtu yakiwa yamekwisha kupita kwa wengine kadhaa, na karibu mbinu hizo zote nimezijaribu au nimeziona zikijaribiwa. Baadhi yake ni za kweli kabisa. Kasoro yake ni kwamba zinaanzia mwisho: zinakuharakisha uzibe, ufunge na upake kabla hujajua kilichoharibika ni kitu gani. Kwa maoni yangu, vitu vya nyumbani vina thamani kubwa zaidi katika kuugundua ubovu kuliko katika kuuondoa, na mwenye gari anayelielewa hilo huokoa fedha nyingi kuliko yule anayejua mbinu mia za kuziba.

Chukua kadibodi. Boksi kubwa lililofunguliwa na kulazwa chini ya injini usiku kucha hukuonyesha asubuhi kila mahali panapovuja, mradi uwe umeweka alama ya mahali lilipokaa gurudumu la mbele ili ujue doa lipi limedondoka kutoka wapi. Oili ya injini huacha doa la hudhurungi au jeusi. Mafuta ya giaboksi ya otomatiki huwa mekundu yakiwa mapya na hugeuka kahawia kadiri yanavyozeeka. Yale ya giaboksi ya kawaida na ya difu (gia zinazogawa nguvu kwenye magurudumu) ni mazito na yana harufu kali inayokumbusha kiberiti, kwa sababu yametiwa viambato vyenye salfa. Kulanti, yaani maji ya kupoza injini, huwa ya kijani, ya waridi, ya machungwa au ya buluu, na huteleza kidogo ukiyapikicha kati ya vidole. Maji matupu yasiyo na rangi wala harufu, yanayodondoka karibu na upande wa abiria baada ya safari ya joto, hutoka kwenye kiyoyozi na hayana ubaya wowote. Mafuta ya breki ni ya manjano hafifu, karibu yawe meupe, na yakionekana karibu na gurudumu gari halipaswi kuondoka hapo lilipo.

Rangi ikikushinda, kikombe cha maji kitaamua. Kata kipande cha kadibodi chenye doa bichi ukitumbukize ndani: oili huelea juu na kutanda utando wa rangi za upinde wa mvua, ilhali kulanti na mafuta ya kawaida ya breki huchanganyika na maji na kupotea. Hapo umekwisha kutenganisha familia mbili za uvujaji bila kulipa kitu, na ukifika kwa fundi utasema kwamba gari linavuja mafuta mekundu nyuma kidogo ya gurudumu la mbele la kulia, badala ya kusema kwamba gari linavuja. Tofauti kati ya kauli hizo mbili huonekana kwenye hesabu ya mwisho. Fundi mwaminifu huokoa muda wa kutafuta, na asiye mwaminifu hutambua kwamba anazungumza na mtu aliyekwisha kutazama.

Unyevu ukionekana ndani ya gari, chini ya miguu ya abiria wa mbele, wengi hudhani mvua imeingia. Mara nyingi kilichotokea ni kwamba kijibomba kinachotoa maji ya kiyoyozi nje kimezibwa na vumbi na majani, na maji yakakosa pa kwenda isipokuwa zuliani. Waya laini uliokunjwa ncha ili usitoboe, ukisukumwa taratibu kutoka chini ya gari, hukizibua. Lakini kwanza gusa ule unyevu: kama unanata au kuteleza na una harufu tamutamu, basi kinachovuja ni rejeta ndogo ya joto iliyoko nyuma ya dashibodi, na waya wako hautasaidia chochote.

Baada ya kadibodi ninaiheshimu sabuni ya kuoshea vyombo. Tairi linalopungua upepo kidogo kidogo, bila msumari unaoonekana, hugharimu watu tairi jipya wasilolihitaji. Povu la sabuni na maji, likipakwa kwa brashi kuzunguka tairi lote, huanza kutoa mapovu madogo mahali hasa upepo unapotoka. Usiishie kwenye kashata za tairi. Paka valvu, ndani ya mdomo wake na pale inapotokea kwenye rimu, kisha paka ukingo ambapo tairi linakutana na rimu, hasa kama rimu ni ya aloi, kwa maana kutu ya alumini huinuka pale na kuacha upenyo. Kiini cha valvu, yaani kile kijipande cha ndani kinachozuia upepo, kikiwa ndicho kinachovuja, hufunguliwa kwa kifuniko maalumu cha chuma na hubadilishwa kwa dakika chache.

Halafu kuna kelele. Injini inayovuma, kukwaruza au kulia ina sehemu nyingi zinazozunguka pamoja, na sikio tupu haliwezi kuzitenga. Kipande cha mpira wa kumwagilia maji, chenye urefu wa mkono hivi, ukikiweka sikioni upande mmoja na kuutembeza upande wa pili karibu na altaneta (mashine inayozalisha umeme wa gari), pampu ya maji na roda za mkanda, hufanya kazi ileile ambayo daktari huifanya kifuani mwa mgonjwa. Beringi iliyochoka husikika kama changarawe inayosagwa, na ukihamisha mpira kwa upana wa kiganja tu sauti hupungua, kwa hiyo unajua ni ipi. Mafundi wengi hutumia bisibisi ndefu kwa kugusisha ncha yake kwenye chuma na mpini kwenye mfupa wa sikio. Inafanya kazi vizuri zaidi, ila inahitaji mkono mtulivu. Kwa vyovyote vile, mikono ya nguo ikunjwe, nywele zifungwe, na ikumbukwe kwamba feni ya umeme inaweza kuanza kuzunguka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa.

Mkanda unaolia asubuhi una jaribio lake, nalo ni zuri kwa jinsi lilivyo rahisi. Injini ikiwa inaunguruma, nyunyizia maji kidogo kwa chupa ya dawa ya kusafishia vioo kwenye upande wa mkanda wenye mifereji. Kelele ikinyamaza kwa muda kisha ikarudi, tatizo liko kwenye mpangilio wa roda: mojawapo imekaa upande, na mkanda mpya pekee hautaliondoa. Kelele ikiongezeka badala ya kupungua, mkanda unateleza kwa kulegea, au kikaza mkanda kimechoka. Kuna wanaousugua mkanda kwa kipande cha sabuni ili unyamaze. Hunyamaza kweli, kwa siku chache, na katika siku hizo dalili pekee uliyokuwa nayo inakuwa imefichwa.

Maji yale yale hutumika usiku kwa magari ya petroli yenye nyaya ndefu za plagi. Katika giza kamili, boneti ikiwa wazi na injini ikiwashwa, ukungu mwepesi wa maji ukipulizwa juu ya nyaya huonyesha cheche za buluu zikirukaruka mahali ambapo ganda limepasuka. Umeme ule hufikia volti makumi ya maelfu, kwa hiyo macho ndiyo yanayofanya kazi na mikono hukaa mbali. Magari mengi ya sasa yana koili juu ya kila plagi na hayana nyaya hizo, na kwake jaribio hili halina maana.

Sasa nije kwenye kurekebisha, na nianze na betri, kwa sababu hapo ndipo kitu cha jikoni hufanya kazi kwa ukamilifu bila ya kuwa cha muda. Ule ukoko mweupe, wa kijani au wa buluu unaoota kwenye tamino, zile ncha za betri zinakofungwa nyaya, hutokana na mvuke wa asidi ya salfuriki unaokutana na metali. Ukoko huo haupitishi umeme vizuri, na starta ya gari dogo hudai ampea 100 na zaidi kwa mara moja. Piga hesabu: ukinzani wa omu 0.01 tu, kiasi ambacho hakuna anayekiona kwa macho, huila volti nzima moja kwa mkondo huo, kutoka kwenye betri ya volti 12. Taa zitawaka vizuri, redio itaimba, na starta itatoa mlio mmoja na kunyamaza. Betri nzima ngapi zimetupwa kwa sababu hiyo!

Dawa yake ni kijiko cha soda ya kuokea katika kikombe cha maji ya uvuguvugu. Soda ni besi. Ikikutana na asidi hutoka povu la kaboni dioksaidi, na povu linapokoma ujue asidi imekwisha. Watu husifu vinywaji vya kola kwa kazi hii, navyo hula ukoko kwa sababu vina asidi ya fosforiki, lakini vinaacha sukari na asidi nyingine juu ya ile iliyokuwapo, wakati soda ya kuokea inaiondoa. Jambo la kuangalia ni kwamba maji hayo yasipenye kwenye vifuniko vya betri, kwa maana yatafanya ndani kile yalichokifanya nje, na ndani asidi inahitajika. Waya wa hasi hufunguliwa kwanza na kufungwa mwisho, kwa sababu spana inayogusa chanya na bodi kwa pamoja wakati hasi bado imefungwa hupitisha mkondo wote wa betri, na betri inayochajiwa hutoa haidrojeni inayosubiri cheche tu. Suuza, kausha, sugua metali hadi ing'ae, kaza vishikio, na baada ya kukaza, wala si kabla, paka mafuta ya mgando juu yake ili mvuke usifike. Kishikio kikiwa kimepanuka kiasi cha kutokaza, kipande chembamba cha shaba kilichokunjwa humalizia nafasi hiyo vizuri; msumari uliopigiliwa kati, ambao nimeuona mara nyingi, huipasua tamino.

Uvujaji wa maji ya injini ni habari nyingine, maana hapa kuna joto na mgandamizo kwa pamoja. Kifuniko cha rejeta huzuia maji chini ya mgandamizo wa takribani bar 1 juu ya ule wa hewa, na kwa mgandamizo huo hata maji matupu hayachemki mpaka yafike nyuzi 120 hivi za Selsiasi. Ndiyo sababu kifuniko kikifunguliwa injini ikiwa moto, maji yaliyokuwa yametulia hulipuka papo hapo kuwa mvuke usoni mwa aliyekifungua. Subiri mpaka mpira wa juu wa rejeta uweze kuushika kwa mkono bila kuuachia.

Mpira uliopasuka unaweza kufungwa, na kifungio ninachokiamini ni utepe wa tyubu ya baiskeli. Kaushe mpira, uufute mafuta yote, kisha uanze kuviringisha utepe huo vidole vinne kabla ya ufa, ukiuvuta kwa nguvu hadi uwe mwembamba, kila mzunguko ukifunika nusu ya ule uliotangulia, mpaka vidole vinne baada ya ufa, na kila upande ufungwe kwa waya. Mpira uliovutwa hujibana wenyewe, na ndiyo sababu unashinda gundi na tepu za kila aina katika kazi hii. Jaza maji safi injini ikiwa imepoa, kwa maana maji baridi yanayomiminwa kwenye chuma chenye moto yanaweza kukipasua, na kifuniko usikikaze hadi mwisho ili mgandamizo usipande. Lakini ukishafanya hivyo kumbuka kwamba maji sasa yatachemka mapema, kwa hiyo mwendo uwe wa polepole na jicho lisiondoke kwenye kipimajoto. Sindano ikianza kupanda, washa joto la ndani ya gari hadi mwisho na ufungue madirisha. Ile rejeta ndogo ya dashibodi itakusaidia kuupunguza moto wa injini, ingawa abiria hawatakushukuru.

Na yai? Yai linafanya kazi, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Ute wa yai huganda kwa joto lililo chini ya lile la injini, na vipande vyake hubebwa na maji hadi kwenye tundu linalovuja na kuliziba. Pilipili manga iliyosagwa hufanya vivyo hivyo bila kuganda. Tatizo ni kwamba maji hayajui tundu lipi ni la kuvuja na lipi ni njia halali. Vijia vya rejeta za siku hizi ni vyembamba, vya rejeta ndogo ya joto ni vyembamba zaidi, na thamostati, kile kilango kinachofungua na kufunga njia ya maji kulingana na joto, haina uvumilivu wa uchafu. Anayetia yai ili kuokoa bei ya mpira wa maji anaweza kuinunua rejeta nzima. Mimi ningelitumia mahali ambapo kubaki ni hatari kuliko kuharibu, na si penginepo.

Soksi ndefu mahali pa mkanda ilikuwa na akili zama za mikanda myembamba yenye umbo la V, iliyozungusha roda mbili tatu. Mkanda mpana wenye mifereji, unaozungusha altaneta, pampu ya maji, usukani na kiyoyozi kwa mpigo mmoja na kukazwa na springi yake, haurithiwi na soksi yoyote. Ni mbinu iliyobaki ikisimuliwa baada ya mashine yake kuondoka.

Safari ya kwanza ndefu ya gari katika historia iliendeshwa kwa ufundi wa aina hii. Mwezi Agosti 1888, Bertha Benz alilichukua gari la mumewe, Carl, akiwa na wanawe wawili, akaliendesha kutoka Mannheim hadi Pforzheim, umbali wa zaidi ya kilomita 100. Njia ya mafuta ilipoziba aliizibua kwa pini ya kofia yake. Waya wa umeme ulipochubuka aliufunika kwa kifungo cha mpira cha soksi. Mafuta yalipokwisha aliyanunua katika duka la dawa mjini Wiesloch. Kisa hiki hupendwa kwa ajili ya pini ile, lakini mimi huvutiwa zaidi na breki: vibao vya kusimamishia gari vilipolika kwa miteremko, hakutafuta kitu mwilini mwake wala mkobani, alikwenda kwa fundi viatu akamtaka avipigilie ngozi. Katika matatizo aliyokutana nayo njiani, mama yule alijua lipi ni la pini na lipi ni la mtu mwenye nyundo na kazi yake.

Hiyo ndiyo tofauti ninayoitafuta kabla ya kufunga chochote: kitu hiki kikiachia, nitasimama au sitasimama? Bomba la moshi lililotoboka karibu na mafla (kipunguza kelele cha bomba hilo), kule nyuma, linaweza kufungwa kwa kopo la kinywaji lililokatwa na kukunjuliwa, likaviringishwa mara mbili na kukazwa kwa waya au vibano. Likiachia, gari litapiga kelele, basi. Kopo lile lile likifungwa karibu na injini halitadumu, kwa sababu alumini huyeyuka kwa nyuzi 660 za Selsiasi na moshi unaotoka kwenye injini iliyobebeshwa mzigo unaweza kuzifikia hata kuzipita. Tundu likiwa chini ya viti kuna neno zito zaidi: kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, nayo hupenya kwenye sakafu iliyoliwa na kutu huku dereva akidhani amechoka tu. Hapo madirisha yote hubaki wazi mpaka gereji.

Tangi la petroli linalotoa jasho kwenye mshono huzibwa kwa kipande kikavu cha sabuni ya mche, kikisuguliwa kwa nguvu juu ya ufa. Sabuni haiyeyuki ndani ya petroli, hivyo hubaki pale kama nta. Mbinu hii ni ya zamani na ni ya kweli, na kwa mtazamo wangu ni ya kukufikisha tu, bila sigara, bila simu kulia karibu ya mvuke ule, na bila kuegesha gari ndani ya banda.

Katika fyuzi sina subira. Fyuzi ni kipande kilichokusudiwa kuungua ili waya usiungue, na anayeiviringishia karatasi ya alumini amehamisha kazi ya kuungua kutoka kwenye kisanduku inakoonekana hadi nyuma ya dashibodi, penye zulia, sponji na plastiki. Hakuna sababu ya kufanya hivyo, kwa maana fyuzi ya akiba tayari unayo ndani ya gari. Rangi zake zinakueleza ukubwa: nyekundu ni ampea 10, buluu 15, njano 20, kijani 30. Ng'oa ya redio au ya kiwashio cha sigara yenye rangi ileile uiweke kwenye taa, na safari iendelee bila muziki. Ikiungua tena mara moja, umeambiwa kwamba kuna waya unaogusa bodi, na fyuzi ya tatu haitasema jambo jipya.

Breki zenyewe hazina mbadala wa nyumbani hata mmoja. Mafuta ya breki ya kiwango cha DOT 3 yakiwa mapya hayaruhusiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, na ya DOT 4 chini ya 230. Maji ya sabuni, ambayo nimesikia yakipendekezwa, huchemka karibu na 100, na mvuke hukandamizika, kwa hiyo mguu utazama hadi sakafuni bila gari kupunguza mwendo. Oili ya injini au ya kupikia ni mbaya kwa namna nyingine: huvimbisha mipira ya ndani ya mfumo, na kila kipande kilichoguswa itabidi kibadilishwe.

Tepu inastahili neno lake, kwa sababu ndiyo inayodharauliwa na kusifiwa kupita kiasi kwa wakati mmoja. Desemba 1972, katika safari ya Apollo 17, nyundo ya mwanaanga Eugene Cernan ilikwaruza na kung'oa sehemu ya madigadi ya gari walilokuwa wakiliendesha juu ya Mwezi, na vumbi la gurudumu likaanza kuwamwagikia yeye na mwenzake Harrison Schmitt pamoja na vyombo vyao. Walifunga kwa tepu, ikaachia, kwa kuwa vumbi halikuiruhusu kushika. Siku iliyofuata waliunganisha ramani nne kwa tepu wakiwa ndani ya chombo chao, mbali na lile vumbi, wakaitoa na kuibana kwenye gari kwa vibano vya taa, nayo ikadumu. Ninaona humo somo lote la kugandisha kitu: tepu haishiki bampa, inashika uchafu ulio juu ya bampa. Futa kwa spiriti, acha pakauke, pasha tepu joto kidogo, kisha ndipo ugandishe, na inapowezekana usiiachie gundi pekee kazi ya kubeba uzito.

Yanayohusu sura ya gari nitayapita haraka. Bampa la plastiki lililobonyea hurudi kwa maji yanayochemka yaliyomiminwa juu yake na mkono ulioingia nyuma kusukuma, kwa sababu plastiki hiyo hulainika kwa joto. Bati halifanyi hivyo, na video za mashine ya kukaushia nywele na barafu juu ya mlango wa bati nimezichoka. Dawa ya meno husafisha taa zilizofifia kwa kuwa ina chembe za kusugua, ila taa ilififia baada ya utando wake wa kuzuia miale ya jua kuisha, na utando huo hautoki kwenye dawa ya meno, hivyo weupe hurudi. Msasa laini wa maji hadi namba 2000 na kisha mipako ya kinga hudumu zaidi. Dawa ya kufukuza mbu hung'arisha taa kwa kuiyeyusha, na sipendi kabisa. Kutu ndogo kwenye kromu hutoka kwa karatasi ya alumini iliyoloweshwa maji, kwa sababu alumini ni laini kuliko kromu na haiichubui. Lami huachia kwa mafuta ya kupikia. Vaipa zinazoacha michirizi mara nyingi zinahitaji kitambaa chenye siki tu. Risasi ya penseli iliyosagwa, ikitiwa kwenye kitasa kigumu, ni bora kuliko mafuta, ambayo hukusanya vumbi. Rangi ya kucha isiyo na rangi juu ya mkwaruzo uliofika kwenye bati huzuia kutu mpaka utakapopata rangi yenyewe.

Kadibodi inarudi pia wakati wa kufungua kitu chenye bolti nyingi. Chora umbo la kifuniko juu yake, toboa matundu kwa mpangilio uleule, na kila bolti inayotoka ichomekwe kwenye tundu lake. Bolti za kifuniko kimoja hutofautiana urefu mara nyingi, na ndefu ikiingizwa kwenye tundu la fupi hupasua alumini iliyo mbele yake. Huo ni uharibifu ambao tundu la kadibodi hulizuia bila gharama. Skrubu iliyochubuka kichwa hushikika tena ukiweka kipande cha mpira mpana kati yake na bisibisi.

Kila unapofanya jambo la muda, liandike. Karatasi iliyobandikwa chini ya boneti, yenye tarehe, mahali na kitu kilichotumika (utepe wa tyubu kwenye mpira wa chini wa rejeta, maji matupu yametiwa, kulanti haimo), humsaidia fundi atakayeifungua injini hiyo baadaye, awe anakujua au hakujui. Fundi asiyejua kwamba maji yale hayana kulanti hatakuwa na sababu ya kuyabadilisha, na maji matupu hula chuma na alumini ya injini polepole, miezi mingi baada ya ule ufa wenyewe kusahauliwa. Aliyetia pilipili au yai anapaswa kuandika kwa herufi kubwa zaidi, kwa kuwa mfumo wote utahitaji kusafishwa kabla ya kutiwa rejeta mpya, na hilo hufanyika tu ikiwa kuna aliyesema.